Upatu Ulioanza na Rupia Ukaisha na Shilingi

Nimewahi kuona pesa ikipungua nusu bila kuibiwa.

Haikuanguka njiani. Haikuliwa na mchwa. Hakuna mkono uliopenya dirishani. Iliingia kapuni nzima, ikatoka nusu, na wanawake kumi na wawili waliokuwa wakiitazama hawakuona kitu.

Mimi niliona. Na kuona kwangu ndiko kulikoniponza.

Naitwa Shomari. Kwetu ni Sofu, upande wa Kibaha. Nasimulia nikiwa nimechoka, kwa hiyo mniwie radhi nikikatiza maneno. Viganja vyangu bado vina miiba ya mkonge, na mingine imezama ndani kabisa, haitoki hata kwa sindano.

Sikilizeni.

Mama yangu, Mwanne, alikuwa anacheza upatu na wenzake kumi na mmoja. Kila mwezi ukiandama, kila mwanamke anatia rupia moja kapuni. Rupia kumi na mbili zinakwenda kwa mmoja wao. Mwezi unaofuata, zamu ya mwingine. Mwaka ukiisha, kila mtu amekula mara moja.

Kijumbe wao, yaani mkusanyaji, alikuwa Biasha. Rafiki wa mama tangu walipochezwa unyago pamoja. Tangu utoto wangu nilimwita mama mdogo.

Kwa desturi, kijumbe hula zamu ya kwanza. Ndio ujira wake wa kugonga milango ya watu na kusikiliza visingizio. Mama yeye alikuwa wa mwisho kabisa, wa kumi na mbili.

Zamu ile ya mwisho niliisubiri kwa roho juu.

Marehemu baba alikuwa ameweka rehani minazi yetu minane kwa Mzee Mwinyimadi, mwenye duka pale Sofu. Aliiweka kwa rupia kumi na mbili. Mwinyimadi anaangua nazi, anauza, na sisi tunapita chini ya minazi yetu wenyewe kama wageni. Karatasi ilisema mpunga ukishavunwa mwaka ule na deni halijalipwa, minazi inakuwa yake moja kwa moja.

Rupia kumi na mbili za deni, rupia kumi na mbili za upatu. Hesabu ilikaa sawasawa, kama chungu juu ya mafiga.

Mwezi upatu ulipoanza mimi sikuwepo. Nilikuwa lokapu, Kisarawe.

Msishtuke. Nilikuwa nimemtungia shairi jumbe mmoja, mkubwa wa kijiji, aliyependa kuku wa watu. Shairi lilikuwa kali, na lilikuwa la kweli, na hayo mawili yakikutana mtu hulala ndani. Barazani nikapigwa faini, rupia kumi na mbili ama miezi miwili. Nikasimama, nikajitetea kwa beti saba nilizozitunga papo hapo. Wazee wakacheka. Karani akaweka kalamu chini asikilize.

Siku ya tatu askari akafungua mlango.

"Mshairi, toka. Nenda kwenu."

"Na faini?"

"Nimekwambia nenda kwenu. Unataka kulala tena?"

Nilitoka pale nimevimba kama andazi. Kisarawe mpaka Sofu niliimba njia nzima. Beti saba zimefungua mlango wa Serikali! Nani mwingine amewahi? Nilimkuta mama jikoni anachochea kuni. Nikamhadithia mwanzo mpaka mwisho. Akatabasamu, akaniambia nile.

Kisa kile nilikisimulia kila penye kahawa. Sofu nzima walikijua kwa moyo.

Basi. Upatu ukaenda mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwezi wa saba, rupia ikaondoka.

Waingereza walileta shilingi. Tukaambiwa rupia zote zirudishwe. Ukipeleka rupia moja kwenye dirisha la Serikali unapewa shilingi mbili. Wengi tulibadilisha, tukafurahi, maana mtu anaingia na kumi anatoka na ishirini. Mfuko mzito, moyo mwepesi.

Wanawake wa upatu wakakutana uani kwetu. Mimi nilikuwa barazani natia jembe mpini, nikawasikia.

Siwema, binti mwenye sauti kuliko wote, akaweka shilingi mkekani kando ya rupia.

"Mbona hii imekonda?"

"Imefunga," akadakia mwingine. Wakaangua kicheko.

"Sasa tunatia ngapi?" akauliza Siwema. "Rupia hakuna tena."

Biasha akaichukua ile shilingi, akaigeuza.

"Ina kichwa haina?"

"Inacho. Kichwa cha mfalme."

"Na rupia ina kichwa haina?"

"Inacho."

"Basi, wanangu, tusichoshane. Tulikubaliana kila mtu kichwa kimoja kwa mwezi. Kichwa kwa kichwa."

Wakaitikia, "Kichwa kwa kichwa!"

Hakuna aliyebisha. Aliyekwisha kula alifurahi kutoa kidogo. Ambaye hajala naye, siku ile, alifurahi kutoa kidogo. Kila mmoja alitazama mkono wake unaotoa. Mkono utakaopokea hakuna aliyeukumbuka.

Mama peke yake alimtazama Biasha kwa muda. Biasha akamwashiria kwa macho, kama mtu anayesema, acha.

Na mimi, bingwa wa Kisarawe? Nilicheka nao. Nikaendelea kugonga mpini.

Mwezi wa kumi na mbili ukaandama. Biasha akaja na kapu lake asubuhi, wanawake nyuma yake wanapiga vigelegele. Akalimimina mkekani mbele ya mama.

Shilingi kumi na mbili.

Kabla hata hatujazishika, akafika mtu kutoka Kurui, jasho linamtiririka. Mdogo wake mama, Mboni, ameshikwa na uchungu, na mtoto amekaa vibaya.

Mama akajitanda kanga, akanivuta pembeni.

"Shomari, fedha hii usiiguse."

"Na minazi je, mama? Mpunga uko mwisho mwisho."

"Nikirudi tutaongea. Hii si ya kuguswa, umenisikia?"

"Nimesikia."

Nilisikia, ndiyo. Kutii ni kazi nyingine.

Siku ya tatu nikaona watu wanapura mpunga wa mwisho bondeni. Nikazifunga zile shilingi kwenye kitambaa, nikaenda kwa Mwinyimadi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mshairi. Umekuja kunitungia na mimi?"

"Nimekuja kukomboa minazi."

Akavuta kiti. Nikamimina. Akahesabu kwa kidole kimoja, taratibu, kisha akanitazama.

"Nyingine?"

"Deni ni kumi na mbili, mzee. Kichwa kwa kichwa."

Mzee alicheka mpaka kofia ikamwangukia mapajani.

"Kichwa kwa kichwa! Kijana, hili ni duka, si ngoma. Baba yako alichukua rupia. Rupia moja ilikuwa inakwenda dirishani inaleta hizi mbili. Kumi na mbili mara mbili ngapi?"

"Ishirini na nne."

"Ndizo. Nakupa siku kumi, kwa heshima ya marehemu. Siku ya kumi na moja, nachoma hii karatasi yenu, naandika yangu."

Nilitoka pale masikio yanawaka. Nikakaa chini ya mnazi mmoja wa baba, nikapiga hesabu na kijiti mchangani.

Wa kwanza kula upatu amepata rupia kumi na mbili. Yaani shilingi ishirini na nne.

Wa mwisho amepata shilingi kumi na mbili.

Wa kwanza ni nani? Biasha.

Wa mwisho ni nani? Mama yangu.

Na sheria ya kichwa kwa kichwa imetoka mdomoni mwa nani?

Nikainuka. Kijiti nilikivunja vipande viwili.

Biasha nilimkuta uani kwake amekalia mbuzi, anakuna nazi. Siku hiyo sikumpa shikamoo.

"Karibu mwanangu. Kuna habari za Kurui?"

"Biasha," nikasema. Jina tupu, bila mama mdogo. Mkono wake ukasimama juu ya nazi. "Wewe ulikula ishirini na nne. Mama kaletewa kumi na mbili. Nusu iko wapi?"

"Nani kakufundisha hesabu hiyo?"

"Dirisha la Serikali."

"Dirisha la Serikali halichezi upatu."

"Kwa hiyo umekula?"

Aliitazama ile nazi kama imemkosea. Akasema polepole, "Ni kweli hesabu yangu ilikuwa mbovu. Nimeiona nimechelewa. Lakini hayo mengine msubiri mama yako."

"Mama yangu mpole, ndiyo maana mnamla."

"Shomari. Nimesema msubiri mama yako."

Mtu mwenye akili angesikia kitu katika sauti ile. Mimi nilisikia mwizi anayetafuta siku za kukimbilia.

Nikarudi nyumbani, nikatunga.

*Kumi na mbili rupia, zimeingia kapuni,*
*Zikatoka nusu njia, zimekonda maungoni,*
*Kijumbe akatwambia, "Hivi vichwa, hesabuni",*
*Biasha watuibia, nusu ile i kwa nani?*

Mizani imetimia, vina vimekaa. Nikampelekea Siwema.

Siwema alilisikia mara moja tu. Akalitia sauti, akalipeleka kinuni. Kinu kikalipenda. Mchi ukishuka kwenye "Biasha", ukipanda kwenye "watuibia". Siku mbili, Sofu yote inatwanga nalo. Siku ya nne lilikuwa kisimani. Biasha akifika na mtungi wake, wanawake wanakaa kimya, akigeuza mgongo wanaanza.

Na wale waliokula zamu za katikati wakaanza kuhesabu nao. Kumbe na mimi nimepunjwa! Kumbe! Upatu mpya uliokuwa uanze mwezi ule haukuanza. Kapu likabaki limening'inia kwa kijumbe, tupu.

Mimi? Nilikuwa natembea katikati ya njia.

Siku ya saba kati ya zile kumi za Mwinyimadi, Biasha alikuja kwetu. Hakupiga hodi kwa sauti yake ya siku zote. Alisimama mlangoni, akafungua pindo la kanga, akatoa shilingi. Akanihesabia mkononi, moja moja, mpaka kumi na mbili.

Niliona mikono yake. Vikuku vyake vya fedha, ambavyo tangu nizaliwe sijawahi kumwona bila navyo, havikuwepo. Palibaki alama nyeupe tu kwenye ngozi.

"Ukijumlisha na zile, zimetimia ishirini na nne," akasema. "Nenda kakomboe minazi ya baba yako. Halafu niondolee jina langu midomoni mwa watu."

"Nitawaambia."

"Waambie leo."

Niseme kweli yangu? Nilizitazama zile alama nyeupe nikafurahi. Nilijiambia, ameona, ameshikwa, amelipa. Mwizi amevuliwa.

Nikakimbia kwa Mwinyimadi. Akahesabu, akanipa karatasi. Minazi minane ikarudi nyumbani. Jioni ile niliparamia mmoja nikaangua madafu mawili, nikayanywa peke yangu, maji yananimwagikia kifuani.

Siwema nilipomwambia aache shairi, alinishangaa.

"We bwana, si umelitunga mwenyewe?"

"Amelipa."

"Ahaa! Kumbe alichukua kweli!" Akakimbia kuwahadithia wenzake.

Mama alirudi siku ya tisa. Mboni amejifungua salama, mtoto mzima. Mama alikuwa amekwisha, macho mekundu, miguu vumbi mpaka magotini. Hata hajakaa, nikamtandazia karatasi.

"Minazi yetu, mama!"

Akaitazama. Hakuishika.

"Fedha umetoa wapi?"

"Kumi na mbili zile. Na kumi na mbili nimembana Biasha mpaka kazitoa."

"Amekupa Biasha?"

"Amelipa."

"Alikuambia nini?"

"Aseme nini? Ameshikwa!"

Mama aliketi kwenye kizingiti. Akaniomba maji. Akanywa nusu kata, akaishika mkononi.

"Shomari, ulitokaje Kisarawe?"

"Si unajua, mama. Nilijitetea kwa shairi."

"Faini yako ilikuwa rupia ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Na zamu ya upatu ni rupia ngapi?"

"Kumi na mbili."



Nyuma ya nyumba kuna mtu alikuwa anatwanga. Sikuhitaji kusikia maneno, mchi wenyewe ulitosha.

"Zamu ya kwanza ilikuwa ya Biasha," mama akasema. "Nilikwenda kwake nalia. Hakuniuliza mara mbili. Alinipa kapu kama lilivyo, akasema, Mwanne, tubadilishane. Wewe kula ya kwanza, mimi nitakula yako ya mwisho. Tukatoka hapa na alfajiri, mimi na yeye, kwa miguu mpaka Kisarawe. Tukalipa. Askari akasema subirini mtamchukua. Mimi nikasema hapana, asituone. Tukapita njia ya mkato nifike kabla yako."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliingia unaimba, baba. Ningeanzia wapi?"

Nikaipokea ile kata, nikaiweka chini.

"Nikamwapisha Biasha asiseme. Nilitaka nikwambie mwenyewe, siku utakayotulia. Sasa hukutulia. Zile kumi na mbili za juzi, Shomari, hazikuwa zetu. Zililetwa hapa kwa sababu wanawake wanajua zamu ni yangu. Nilikuwa nizirudishe kwake. Minazi nilishaiaga zamani, siku ile ile Kisarawe. Niliona bora mtoto."

Hebu fikiria. Yule mwanamke alinitoa lokapu kwa zamu yake. Nikachukua na zamu ya mwisho aliyopaswa kula yeye. Nikamvua vikuku. Na juu ya hayo yote nikampa wimbo.

Usiku sikulala, sina zaidi la kusema juu ya usiku ule.

Asubuhi mama alinikuta nachora tena mchangani.

"Tunadaiwa ishirini na nne," akasema. "Kumi na mbili za kapu, kumi na mbili za vikuku. Kichwa kwa kichwa."

"Hapana, mama."

"Hapana nini?"

"Alitoa zamu ya rupia. Rupia kumi na mbili ni shilingi ishirini na nne. Angepaswa kupokea ishirini na nne, si kumi na mbili. Ongeza vikuku, kumi na mbili. Ni thelathini na sita."

"Hiyo ni hesabu ya nani?"

"Yangu. Ndiyo niliyomhukumia."

Mama alinitazama, nadhani kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

"Hesabu yako ni ghali, mwanangu."

"Najua."

Nilikwenda kuandikisha kipande kwenye shamba la mkonge, mwendo wa nusu siku kutoka nyumbani. Kipande ni kadi ya siku thelathini. Kila siku unayomaliza kazi unachorewa, siku usiyomaliza haichorwi. Unakata majani, unayafunga matita, unayabeba mpaka relini. Jani la mkonge lina mwiba nchani kama sindano ya kushonea magunia. Jua linakaa mgongoni, halishuki.

Kipande cha kwanza nilimaliza kwa siku arobaini na tatu. Nilidhani nitakufa. Cha pili siku thelathini na nane. Posho ikakatwa, shuka ikakatwa, homa ikanilaza siku tisa ambazo hazikuchorwa. Nilikuwa nahesabu shilingi zangu mchana kweupe mbele ya watu wote, nikacheka peke yangu kwamba zina kichwa kila moja na mimi sina.

Shairi hata moja sikutunga. Mtu aliyechoka hivyo hatafuti vina.

Vipande vitano. Ndipo thelathini na sita zikatimia.

Nilikwenda kwa Biasha moja kwa moja, hata kwetu sikupitia. Alikuwa anafagia. Nikapiga magoti uani.

"Shikamoo, mama mdogo."

Alifagia kidogo tena kabla ya kujibu.

"Marahaba. Inuka, utachafua nguo. Ingawa sioni pa kuchafua."

Nikazimimina juu ya mkeka. Akazihesabu. Akazigawa mafungu mawili, moja kubwa, moja dogo.

"Ishirini na nne ni zangu," akasema. "Hizi kumi na mbili je?"

Nikamweleza. Rupia, shilingi, dirisha. Maneno yale yale niliyomwambia wakati ule nimesimama, sasa nayasema nimekaa.

Nilidhani atazisukuma kwangu. Watu wazuri wa kwenye hadithi husukuma.

Akazikusanya zote.

"Nitazichukua," akasema. "Si kwa njaa. Nikikuachia hata moja, utaitungia shairi."

Sikujua nicheke au nilie. Yeye hakucheka.

"Na jina langu, Shomari? Mwezi wa sita huu sijaitwa kijumbe. Nimegonga milango ya upatu miaka kumi na moja, hakuna senti iliyopotea. Sasa nikipita na kapu la mboga watu wanashika mapindo yao. Hilo umeniletea?"

Sikuwa nimeleta.

Nilijaribu. Nilitunga beti nne za kumsafisha Biasha, nikaeleza yote, Kisarawe, faini, zamu, vikuku. Sikujificha. Nikampelekea Siwema. Akasikiliza mpaka mwisho, machozi yakamlenga kweli.

"Zuri, Shomari. Linasikitisha." Akajaribu kulitwangia. Mchi ukakwama. Akajaribu tena. "Lakini halitwangiki."

Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikisema kwa mdomo mkavu. Wenye haki wakanisikiliza, wawili watatu wakaenda kumwomba radhi. Wengine wakasema, eti mama yake kamlazimisha aseme hivyo. Wengine wakaniuliza kama ni kweli beti saba hazikufungua ule mlango, wakacheka hapo tu, yaliyobaki hawakuyataka.

Mwezi uliopita mama alinituma Kurui kumpelekea Mboni nazi. Nazi za minazi yetu, gunia zima begani. Mtoto wake sasa anatambaa.

Nilipokaribia kijiji nikasikia kinu. Wanawake wawili, sijawahi kuwaona, wanatwanga chini ya paa la nyasi. Wana mdundo mzuri kuliko wa Siwema. Maneno wameyabadilisha kidogo, wameyalainisha, na mstari wa mwisho wanaurudia mara tatu.

*Biasha watuibia, nusu ile i kwa nani?*

Nikatua gunia.

"Habari za kazi, dada zangu."

"Njema, kaka. Za huko utokako?"

"Wimbo huo mmeutoa wapi?"

"Aaa, huu wa siku nyingi."

"Na huyo Biasha ni nani?"

Wakatazamana. Mmoja akajifuta jasho kwa kiwiko.

"Hata hatumjui. Mwizi fulani tu."

Nikawaeleza? Niliwaeleza. Nilisimama juani nikawasimulia yote. Walikuwa na adabu, walisikiliza, wakasema pole. Nikanyanyua gunia langu. Sijafika hata kwa Mboni, nyuma yangu mchi ukaanza tena, na mdundo ni ule ule.

Rupia ilipokufa, ilikuwa na dirisha. Ulipeleka moja ukapewa mbili, hakuna aliyepoteza ila asiyejua kuhesabu, na mimi deni langu nimelihesabu mpaka senti ya mwisho, nimelilipa. Lakini jina la mtu ukishalitoa mdomoni mwako likaenda, hakuna mahali unapolipeleka wakakubadilishia, hata ukienda na vipande mia.

Kabla hujamwita mtu mwizi, ndugu yangu, muulize kwanza nani alilipa siku ulipofunguliwa mlango.